Vitabu Tisa kwa Subilaga

Subilaga, wifi yangu,
kondakta wa gari la Makete atakushushia gunia.
Usishtuke kwa uzito. Juu ni magimbi ya Tukuyu,
chini ya magimbi kuna sweta la kaka yako,
ndani ya sweta kuna vitabu tisa.
Vikinuka udongo, visamehe:
gunia lilikuwa la viazi kabla ya kuwa maktaba.

Uliniambia asubuhi maji ya beseni yanavaa kioo,
wanafunzi wanaingia darasani mikono kwapani,
na jioni huna la kufanya ila kuhesabu mbao za dari.
Ziache mbao.

Anza na kile chembamba, cha jalada la kijani.
Wake wenza wawili wanagombania chungu kilichopasuka.
Utacheka peke yako, jirani atadhani umepata mgeni.
Kisome ukisubiri maji ya ugali,
sura moja, chungu kimechemka.

Kile kinene usikiguse usiku wa Jumapili.
Mimi nilikianza saa tatu, nikashtuliwa na jogoo,
nikaenda kuuza mbegu Uyole na macho mekundu,
mtu akaomba karoti nikampimia kabichi.
Mpelelezi wake ana kikohozi na hapendi watu.
Nilimpenda.
Ila ukurasa wa mwisho haupo,
mtoto wa Anyosisye aliufungia karanga.
Nimeandika mwisho wangu kwa penseli:
muuaji ni yule mganga wa meno.
Ukiwa na wako, futa.

Cha mashairi kiweke chini ya mto.
Moja kwa usiku, basi.
Asali hailiwi kwa bakuli.

Vile vitano vya katikati sivisemi.
Kitabu kikisifiwa sana hufika kimechoka.

Sasa kuhusu kukaa.
Kitanda kisogeze mbali na dirisha,
blanketi moja mabegani, moja miguuni,
soksi juu ya soksi, nani anakuona?
Chai iwe na tangawizi mpaka koo lilalamike.
Kikombe kushoto. Mkono wa kulia una kazi.
Ukungu ukishuka mpaka mlangoni, uache ushuke,
huo ndio mlinzi wako, hakuna atakayebisha hodi
kuomba chumvi wala kuleta umbea.
Na jiko la mkaa litoe nje kabla hujalala.
Hapa sitanii, Subilaga. Litoe nje.
Hadithi inalaza, mkaa nao unalaza,
ila mmoja tu kati yao hukuamsha.

Nimebakiza kile cha tisa.
Hakina jalada, nimekishona mgongo kwa uzi wa gunia.
Ni cha kaka yako.
Alikuwa nacho wodini, mvua zile za Machi,
akinisomea kwa sauti ya chini wenzake wasiamke.
Alifika ukurasa wa mia na kumi na mbili,
akaukunja sikio, akasema, kesho.

Nimejaribu mara tatu. Sivuki hapo.
Nasoma mpaka kwenye mkunjo, nainuka, naosha vyombo
ambavyo nilishaviosha.

Wewe una sauti yake. Vuka.
Niambie kama yule bibi alifika Chunya,
kama punda alipona, kama barua ilifunguliwa.
Usipige simu, simu ina haraka.
Andika, hata kwenye karatasi ya mtihani,
umpe kondakta, huyo Mwakalonge ni mwaminifu,
ataniletea hadi kibandani.

Sweta livae, si la kutunzwa.
Na gunia lisirudi tupu, unajua kwetu
chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Viazi vya huko vinatosha,
au kitabu kimoja ulichokipenda kuliko wenzake.

Ule ukurasa tu,
ukishaupita,
sikio lake usilikunjue.